Sauti ya Sita

Nilipoagwa kazini mwezi uliopita, Farida, fundi mwenzangu, aliniomba niandike kwenye karatasi moja mambo yote ambayo fundi mpya wa vinanda anapaswa kuyajua. Nilikaa na karatasi hiyo wiki nzima. Nikaandika: usiache chuma cha kulehemu kikiwaka ukienda kula. Hapo nikakwama, kwa sababu mengine yote ninayoyajua hayakunijia kama kanuni, yalikuja na watu. Basi Farida, pamoja na wenzako wawili mnaobaki kwenye meza ile ya Stafford, nimeongeza karatasi. Vyeo nimeviruka. Duka lenye mafundi wanne halina vyeo vya kusimulia.

Kazi yenyewe nilianza kuijua Arusha, kwenye kibanda cha mjomba wangu aliyekuwa akitengeneza redio. Nilikuja Marekani nikimfuata mume wangu, Baba Neema, aliyekuwa amepata kazi ya mizigo uwanja wa ndege wa Dallas. Tulipanga Irving, karibu kiasi cha kusoma maandishi kwenye matumbo ya ndege. Miezi ya kwanza nilikaa ndani nikihesabu zinazotua. Siku moja nikaingia duka la vyombo vya muziki kuuliza kama wana waya wa redio, nikaona nyuma ya pazia mtu ameinama juu ya kinanda kilichofunguliwa, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka ikanipiga puani. Nilisahau waya. Niliuliza kama wanahitaji mtu.

Aliyekuwa ameinama alikuwa Mzee Bao, fundi mkuu, Mvietinamu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Siku yangu ya kwanza alinipa kiti na kinanda kibovu. Mimi, kwa kuwa nilitaka kuonyesha najua, nikachukua bisibisi. Akaninyang'anya taratibu na kuitia mfukoni mwake. Akanionyesha kwa kidole: bonyeza kila kibao, kuanzia chini hadi juu, kisha andika unachosikia. Nilibonyeza kutwa nzima. Jioni nilimwambia Baba Neema kwamba nimeajiriwa kupiga kinanda vibaya.

Siku ya pili ndipo Mzee Bao aliponieleza, kwa Kiingereza chake ambacho kilikuwa kibovu kama changu, ndiyo maana tulielewana.

"Kwanza sikiliza," alisema. "Kufungua, hata mwizi anafungua."

Chini ya vibao vya vinanda vingi kuna utepe wa mpira wenye vidoti vyeusi. Kidoti kikishika vumbi, kibao kinakuwa bubu. Unakisafisha kwa spiriti na kitambaa cha pamba, kwa kugusa, si kwa kusugua. Ukisugua unaondoa weusi wenyewe na umeua mgonjwa. Nimekuta humo juisi, mafuta ya nywele, punje za wali, na mara moja divai ya meza ya Bwana. Wateja wetu wakubwa walikuwa makanisa. Roho akishuka Jumapili, vinanda hupanda mezani kwangu Jumatatu.

Kosa langu kubwa la Irving lilikuwa la mteja wa kanisa pia. Papa Kasongo alikuwa kiongozi wa kwaya ya Wakongo, mtu mpole anayevaa suti hata Jumanne. Kinanda chake kilionyesha alama ya betri kwenye kioo. Ndani ya vinanda vya zamani kuna betri ndogo kama sarafu, na hiyo ndiyo inayokumbuka sauti ambazo mwenyewe amezitengeneza. Nilijua kubadilisha betri. Sikujua kwamba ukiitoa tu, kumbukumbu yote inaondoka nayo. Nikaitoa. Miaka sita ya sauti za kwaya ile, moja moja alivyozipika mwenyewe baada ya kazi, zikapotea wakati nikiimba wimbo kichwani. Alipokuja nilimweleza ukweli. Akabonyeza vibao vichache, akasikiliza, akafunga kinanda kwenye mfuko wake.

"Haina neno, mama," aliniambia. "Tutaanza tena."

Angenigombeza ningelala. Nilienda kulia kwenye maegesho, kati ya magari mawili, na Mzee Bao akaja akasimama pembeni yangu, ameshika mwavuli ingawa mvua haikuwepo. Nadhani hakujua ashike nini.

Miaka ikapita hivyo. Neema akazaliwa, akakua, akaanza kunijibu kwa Kiingereza. Baba Neema akapata kazi hospitali moja ya Houston, nasi tukahama. Mzee Bao alistaafu mwaka uleule, akabaki na maua yake. Mimi nikapokelewa kwenye duka letu la Stafford, pembeni mwa Houston, na humo ndimo nilimomaliza safari. Nyinyi mengi ya huko mliyaona. Lakini lipo moja ambalo mliliona vipande vipande tu, nalo ndilo nililotaka hasa kuwaandikia.

Mnamkumbuka Rubén. Ni yule dereva wa basi la shule kutoka mtaa wa Sharpstown, mwenye ndevu nyeupe na nywele ndefu alizozifunga nyuma. Alikuja Jumamosi asubuhi, amebeba kinanda kwa mikono miwili, kimefunikwa blanketi la mtoto. Akakiweka mezani, akasimama. Nikamuuliza kina shida gani. Akasema kioo kinaonyesha alama ya betri, na kwamba fundi mwingine amemwambia ni kitu cha dakika tano, lakini yeye ameogopa, hajui kwa nini.

Nilimwambia ameogopa vizuri.

Kinanda kilikuwa cha dada yake, Marisol, aliyefariki kwa saratani mwaka uliotangulia. Walipokuwa vijana walikuwa na bendi, yeye na dada yake na rafiki zao wawili, wakifanya mazoezi kwenye gereji ya mama yao. Walipiga muziki ambao wenyewe wanauita black metal, aina ya roki kali ya giza na makelele, na walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuupiga katika jiji la Houston. Walirekodi kaseti moja tu. Sasa wale watatu waliobaki walitaka kumfanyia Marisol kumbukumbu, waipige kaseti ile yote, mara moja, mbele ya watu. Gitaa na ngoma walikuwa nazo. Sauti za Marisol zilikuwa mle ndani ya kinanda, zimeshikiliwa na betri iliyokuwa inakata roho.

Aliniachia na kaseti. Kwenye jalada kulikuwa na msitu wa theluji, na jina la bendi limeandikwa kwa herufi kama mizizi iliyong'olewa. Hadi leo sijaweza kulisoma. Nilimuuliza Rubén kama wakati ule waliwahi kuona theluji. Akasema hapana, lakini gereji ilikuwa na joto kali sana, kwa hiyo waliiwaza mno.

Nilipoiweka kaseti niliruka. Ngoma zinakimbia kama mvua ya mawe juu ya bati. Gitaa halipigwi, linanguruma, mfululizo, kama mashine ya kusaga isiyozimwa. Mwimbaji haimbi; anapiga ukelele wa mtu aliyefungiwa kisimani. Nilikuwa karibu kuizima. Ndipo nyuma ya makelele yale nikakisikia kinanda. Kilikuja polepole, kipana, baridi, kama kwaya inayoimba kwenye jengo la mbali ambalo milango yake imeachwa wazi. Hakikushindana na gitaa. Kilitandaa juu yake kama ukungu unavyokaa juu ya mlima asubuhi, na ghafla yale makelele yakawa na mahali pa kukaa. Rubén alikuwa ameniambia kwamba bendi nyingine za muziki ule wakati huo zilikidharau kinanda, zikisema ni cha kanisani. Marisol alikuwa amejifunza kanisani kweli. Hakubadilisha hata anavyoweka mikono.

Mama Kelvin, nesi Mkenya wa kanisani kwetu, alipita dukani siku hiyo kuniletea unga. Akaona jalada.

"Aki Mama Neema, na hii uta-repair?" aliniuliza. "Si hii ni ya shetani?"

Nilimjibu kwamba mwenye kinanda alikuwa dada wa mtu, na mama yake bado yuko hai. Mama Kelvin akaitazama ile kaseti tena, akasema basi ataniombea mimi na waya zangu. Alimaanisha kweli, na sikukataa.

Nikaanza kazi kwa uangalifu wote niliofundishwa na machozi ya Irving. Mashine za umri ule zina tundu nyuma la kuunganishia redio kaseti. Unabonyeza kitufe, kumbukumbu yote inatoka kama mlio wa kukwaruza, unaurekodi, na baadaye unaweza kuurudisha. Tundu lenyewe lilikuwa limelegea, nikalilehemu upya huku mashine imezimwa. Nikarekodi mara tatu, kwenye kaseti mbili na kwenye kompyuta, nikahakikisha kila moja. Hapo tu ndipo nilipotoa betri, nikaweka mpya, nikairudisha kumbukumbu. Sauti za Marisol zikarudi zote, na majina aliyozipa. Moja aliiita, kwa Kihispania, Baridi, nyingine Gereji. Nilifurahi kama nimemtoa mtu mtoni.

Kwa furaha ile nikafanya na jambo ambalo sikuombwa. Kinanda kile kina sauti sita ndani yake, kama waimbaji sita waliojipanga. Ukibonyeza kibao cha kwanza anaimba wa kwanza, ukibonyeza kingine anaimba wa pili, ukifika cha saba zamu inamrudia wa kwanza. Kila mwimbaji ni chipu moja nyeusi, yenye miguu pande mbili kama tandu. Nikagundua wa sita ni mgonjwa: anaanza sawa, kisha analegea na kushuka kidogo, kama mtu anayeketi. Nilikuwa na chipu nzima kwenye akiba. Nikamtoa mgonjwa, nikaweka mzima, nikawalinganisha wote sita mpaka wakawa kama mtu mmoja. Chipu ya zamani nikaitia kwenye kifuko, kama tunavyofanya kila mara. Tafadhali endeleeni na desturi hiyo. Kifaa ulichokitoa ni mali ya mteja, hata kama ni takataka.

Rubén alikuja Jumamosi iliyofuata. Nilimwekea kiti. Akaitafuta ile sauti iitwayo Baridi, akaweka vidole, akapiga mwanzo wa wimbo wao wa kwanza, polepole, maana yeye ni mtu wa gitaa. Sauti ilikuwa safi na pana. Niliona mabega yake yakishuka. Akapiga tena. Akaondoa mikono, akaiweka mapajani.

"Ni nzuri sana," alisema. "Lakini siyo yeye."

Nilimwambia pengine ni spika, pengine ni chumba. Aliitikia kila nililosema, kwa adabu, kama watu wanavyowaitikia madaktari. Alinishukuru. Akasema labda kumbukumbu yake ndiyo imempoteza, labda ameibeba sauti ile miaka mingi mpaka ikawa kitu kingine. Akaomba akiache kinanda siku chache, hakujisikia kukibeba. Kisha akatoka, nikamwona kupitia kioo amekaa garini bila kuwasha.

Nilimpigia simu Mzee Bao. Sasa ni mzee sana, sauti yake ni kama karatasi. Nikamweleza yote: tundu, kaseti, betri, kumbukumbu iliyorudi salama, chipu mpya.

"Kabla hujafungua," aliniuliza, "ulikisikiliza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimeisikiliza kaseti. Kinanda chenyewe, kikiwa kibovu kama kilivyoletwa, sikukipiga hata kibao kimoja kabla ya kushika bisibisi, kwa sababu niliogopa betri itanifia mikononi. Nikamwambia hapana. Hakunicheka wala kunigombeza. Akaniuliza maua ya Houston yanastahimilije unyevu, tukaagana.

Nikarudi kwenye kaseti. Safari hii nilichukua kalamu. Mwanzo wa wimbo wa kwanza kinanda kiko peke yake, noti moja moja. Nikahesabu kwa kuweka alama. Moja, mbili, tatu, nne, tano, na ya sita ikalegea, ikaketi. Nikaendelea. Ya kumi na mbili ikaketi. Ya kumi na nane. Vidole viliposhuka pamoja, katikati ya sauti nzuri tano kulikuwa na moja inayoteremka, na zile tano zilikuwa zikitetemeka kwa kugombana nayo. Ule ukungu, ile baridi iliyonifanya nisizime redio, ilitoka hapo. Marisol alikipata kinanda kile kikiwa tayari kibovu, na akatunga nyimbo zake zote akijua mwimbaji wa sita atachoka.

Mimi nilikuwa nimemponya.

Nikakitoa kile kifuko. Chipu ilikuwa nzima isipokuwa jambo moja: wakati wa kuing'oa, mguu mmoja uliooza kwa kutu ulikuwa umekatika, ukabaki kwenye bodi, nami niliusafisha na kuutupa bila kujali, kwa kuwa niliona naitoa takataka. Palibaki kishina kifupi kuliko punje ya mtama. Ilibidi nikilehemie waya mwembamba kama unywele, bila kukipasha joto sana, kwa maana chipu za namna hiyo hazitengenezwi tena, na mgonjwa wa kulegea vilevile kama huyu hayupo mwingine duniani. Farida, siku ile ulinikuta nimeweka viwiko mezani nimefumba macho, ukauliza kama naumwa. Nilikuwa nasubiri mikono itulie. Ulinishikia taa bila kuniuliza zaidi, na sikuwahi kukushukuru ipasavyo.

Waya ulishika mara ya tatu. Nikairudisha chipu mahali pake, nikawasha, nikahesabu vibao. Wa sita akaimba, akachoka, akaketi.

Nilimpigia Rubén nikamwambia aje, na alipofika nikamweleza nilichokifanya, chote, kwamba kosa lilikuwa langu wala si kumbukumbu yake. Nilitarajia akasirike. Alipiga mwanzo ule mara moja tu. Ilipofika noti ya sita alicheka, kicheko kifupi, kisha akainamisha paji la uso juu ya kinanda akakaa hivyo, na vibao alivyovilalia vikalia vyote pamoja. Hatukuvizuia.

Kumbukumbu ya Marisol ilifanyika Jumapili mchana, kwenye ukumbi mdogo wa kukodi si mbali na Sharpstown. Baba Neema alinisindikiza kwa suti yake ya kanisani, tukakaa kati ya watu wenye fulana nyeusi, ambao walikuwa wakarimu kuliko watu wengi niliowahi kukaa nao. Mmoja alimpa Baba Neema vizibo vya masikio na kumwonyesha namna ya kuvitia. Wanabendi walivaa miwani ya kusomea. Gitaa walimpa rafiki yao asiye wa bendi, kwa sababu Rubén alikuwa ameamua kukaa kwenye kinanda mwenyewe. Alikuwa amefanya mazoezi miezi miwili.

Mstari wa mbele alikaa mama yao, Señora Consuelo, bibi wa miaka zaidi ya themanini, na rozari mkononi na pamba masikioni. Rubén alikuwa ameniambia kwamba mama huyo hakuwahi kuusikiliza muziki ule. Zamani, wakifanya mazoezi, alikuwa akigonga ukuta wa gereji kwa ufagio. Aliamini wanae wanamwita shetani kwa jina. Yeye na Marisol walikosana kwa ajili hiyo miaka mingi, na walipopatana, muziki haukutajwa tena.

Kinanda kilianza peke yake. Noti moja moja, kwa vidole vizito vya mtu wa gitaa. Ilipoketi ya sita, nilimwona bibi yule akiinua kichwa. Akatoa pamba kwenye sikio moja. Gitaa na ngoma vilipoingia na ukumbi mzima kutetemeka, nilidhani atairudisha. Hakuirudisha. Alikaa hivyo mpaka mwisho, sikio moja wazi, mkono wenye rozari umetulia.

Watu walipoanza kukunja viti alisogea kwenye jukwaa, akamwambia Rubén kitu kwa Kihispania. Rubén aliniita, akanitambulisha kwamba mimi ndiye fundi. Bibi akanishika mkono, akaendelea kuongea na mwanawe. Alitaka asikie tena ule mwanzo, wa peke yake, bila kelele zile.

Rubén akaketi, akapiga. Señora Consuelo aliweka kiganja chake ubavuni mwa kinanda, kama mtu anavyomgusa ng'ombe kujua kama ametulia. Noti ya sita ikashuka. Akasema neno, Rubén akanitafsiria.

"Anasema hapo Marisol anakosea."

Mimi nilifungua mdomo nieleze habari za chipu, kisha nikaufunga.

"Ndiyo, Mama," Rubén alimwambia. "Hapo anakosea."

Akaendelea kupiga. Ya kumi na mbili ikashuka, na bibi akatikisa kichwa polepole, akitabasamu. Ya kumi na nane alikuwa ameshaitegea. Akanigeukia, akaniangalia moja kwa moja, akasema maneno machache, taratibu, ili nielewe hata kama sijui lugha yake. Nilimtazama Rubén.

"Anasema umwache," Rubén alisema. "Usimrekebishe."

Nilimwahidi.